Kwa mnaoanza utafiti wa vijijini: hojaji isubiri kwanza

Kila mwaka wanafunzi wapya wa uzamili hapa Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, huja na mada zilezile kwa majina tofauti: migogoro ya ardhi, wawekezaji, ushirika, wakulima na wafugaji. Na karibu wote wana haraka ya kupanda gari Mbagala Rangi Tatu kwenda Mkuranga au Kibiti, hojaji ikiwa tayari kwenye tableti. Hiyo hojaji naomba muiweke pembeni kidogo.

Vibali nitavimaliza haraka. Barua ya chuo inakwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, inashuka wilayani, halmashauri, kwa mtendaji wa kata, mwisho kwa mtendaji wa kijiji. Bebeni nakala za kutosha maana kila ofisi inabaki na yake. Hapo kinachotakiwa ni uvumilivu tu.

Kazi inaanza baada ya hapo, kwa sababu ukishapita mlango huo kijiji kinakupokea kama mgeni wa serikali. Mtendaji wa kijiji ni mwajiriwa wa halmashauri ya wilaya. Mwenyekiti wa kijiji amechaguliwa na wanakijiji. Panapokuwa na ardhi inayogombewa, wawili hao wanaweza wasiwe na lugha moja, na wewe umeshikwa mkono na mmoja wao. Atakuitia watu wa kuhoji: wajumbe wa halmashauri ya kijiji, jamaa zao wawili watatu, na yule mkulima wa mfano anayepelekewa wageni wote. Wahoji, shukuru, halafu omba rejesta ya kaya uchague mwenyewe. Kitongoji utakachoambiwa "huko mbali, hakufikiki" ndicho cha kuanzia.

Kabla ya kuhoji zaidi, omba daftari la mihutasari ya mikutano ya kijiji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, imeipa halmashauri ya kijiji usimamizi wa ardhi, lakini haiwezi kumgawia mtu bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji, ambao ni wakazi wote waliotimiza miaka 18. Kwa hiyo ardhi ikitoka kihalali, lazima iache karatasi. Isomeni taratibu. Waweza kukuta mahudhurio ya watu wengi yaliyoandikwa kwa kalamu moja na mwandiko mmoja. Waweza kukuta ombi la mwekezaji limechomekwa kwenye "mengineyo", baada ya taarifa ya mapato na matumizi na ujenzi wa choo cha shule, saa ambazo akina mama wameshaondoka kwenda kupika. Utasoma "wananchi waliridhia kwa kauli moja", na aya mbili mbele kuna mtu anauliza fidia yake iko wapi. Huyo aliyeuliza ndiye wa kumtafuta. Kwa maoni yangu kurasa hizo chache zina siasa nyingi kuliko hojaji mia.

Msidhani pia kwamba siasa za vijijini ziko vijijini peke yake. Wanunuzi wengi wa mashamba ya Mkuranga, Kisarawe na Bagamoyo wanaishi hapahapa Dar, na baadhi wanalima kwa simu: pesa ya palizi inatumwa kwa M-Pesa, picha za matikiti zinarudi WhatsApp. Mtu wa Kimara mwenye eka ishirini Kisarawe ni sehemu ya mabadiliko ya kilimo sawasawa na kibarua anayempalilia. Sampuli zenu nyingi zinamwacha nje kwa sababu hayumo kwenye rejesta ya kijiji.

Historia nayo msiiwekee aya moja ya utangulizi. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1973 hadi 1976, ya kuwakusanya watu kwenye vijiji vya ujamaa, iliwahamisha mamilioni ya watu, na mashamba waliyoyaacha, au waliyopewa ya wenzao, bado yanadaiwa. Mwaka 1992 Bunge lilipitisha sheria ya kufuta haki za kimila kwenye ardhi iliyoguswa na operesheni hiyo. Mwaka 1994 Mahakama ya Rufani ikasema haki hizo ni mali inayolindwa na Katiba. Mzee akikwambia "hapa palikuwa petu kabla ya operesheni", anatoa hoja ya kisheria, msimwandike kama anayesimulia ya zamani. Nyaraka za Taifa ziko Upanga, daladala moja tu, na wachache sana kati yenu huwa wanafika.

Kuhusu maswali: "Una eka ngapi?" ni swali la mtu wa kodi, na utajibiwa hivyohivyo. Uliza msimu uliopita. Nani alilima ile ya bondeni, jembe au trekta, nani alilipwa, mazao aliuza nani na pesa alishika nani. Mwulize mume, kisha mke peke yake. Majibu yakipishana msiyasawazishe, andikeni yote mawili.

Na angalieni kalenda. Masika barabara hakuna na watu wako shambani. Uchaguzi wa serikali za mitaa ukikaribia, kama ule wa Novemba 2024, kila anayeuliza kuhusu ardhi anahesabiwa kuwa ametumwa na chama fulani. Majina ya watu na ya kitongoji yaandikeni kwenye daftari tofauti na la mahojiano, na hilo la majina liacheni Dar, kwa sababu siku moja mtendaji atasema, kwa upole kabisa, "hebu tuone ulichoandika".