Maswali kwa Fundi wa Bodi: Chumvi ya Theluji Chini ya Pikapu

SWALI

Fundi, hujambo? Mimi huuza mchele wa Ahero hapa soko la Kibuye, Kisumu. Kijana wangu yuko Minnesota, Marekani, na amenunua pikapu ya mtumba, Toyota Tacoma ya 2009. Anasema kule theluji ikianguka barabara humwagiwa chumvi, na chini ya gari kutu imeanza kuonekana. Marafiki zake wamemshauri anunue ile dawa nyeusi ya lami apake chini kote kabla baridi haijaingia. Ndoto yake ni kuituma nyumbani siku moja nibebee magunia. Je, hiyo dawa itazuia kutu?

*Mama wa mchele, Kisumu*

JIBU

Sijambo, mama. Mpigie simu leo umwambie asipake. Dawa hiyo haina ubaya kwenye chuma kipya, kisafi na kikavu. Ikipakwa juu ya kutu iliyokwisha kuanza, inafungia unyevu na chumvi ndani. Baadaye inakauka, inapata nyufa ndogo, maji mapya ya chumvi yanapenya na hayana pa kutokea. Nje chasisi inang'aa, ndani inaliwa. Nimezibandua dawa za namna hiyo mara nyingi na bado huniuma, kwa sababu mwenye gari alitoa pesa zake akijua anajikinga.

Kabla ya kurudi Nakuru nilifanya kazi katika gereji moja ya bodi kule Minneapolis, kwa hiyo hali anayoieleza kijana naijua. Gari likiingia jioni ya Januari, theluji chafu huwa imeshikamana ndani ya matao ya magurudumu. Usiku inayeyuka sakafuni. Asubuhi maji yakikauka unabaki mstari mweupe kuzunguka pale palipokuwa na dimbwi, na ukiupitisha kidole unahisi chembe zake. Ni chumvi. Wala hawangoji theluji ianguke: malori hutangulia kunyunyiza maji yenye chumvi kama asilimia 23 ili barafu isishike barabara. Baridi ikishuka kupita nyuzi 9 chini ya sifuri, chumvi ya kawaida hupungua nguvu, ndipo huchanganywa na kloridi ya kalsiamu au ya magnesiamu. Hizo mbili ndizo ninazoziogopa zaidi, maana huvuta unyevu kutoka hewani. Siku unayoiona kavu, chini ya gari bado kumelowa.

Kutu inataka chuma, maji na hewa. Chumvi inayafanya maji yapitishe umeme kwa urahisi, na kutu yenyewe ni mkondo mdogo wa umeme unaotembea kutoka sehemu moja ya chuma hadi nyingine, huku chuma kikiyeyuka kidogo kidogo. Joto linaongeza kasi ya kazi hiyo. Kwa hiyo kijana alishike neno hili: kwenye baridi kali kutu haiendi mbali, kwenye uvuguvugu inakimbia. Kuingiza gari lenye chumvi kila usiku katika gereji yenye kipasha joto ni kuilisha kutu. Kama hana nafasi ya kuliosha, afadhali lilale nje.

Sasa chasisi. Tacoma ya miaka hiyo ina chasisi ya boksi, imefungwa pande zote kuanzia mbele hadi katikati, kisha nyuma, chini ya sehemu ya mizigo, iko wazi upande mmoja. Ndani ya lile boksi ndiko tope la chumvi linakokaa. Vitundu vya kutolea maji vikiziba, linakaa mwaka mzima. Kutu inaanzia ndani, na ukiiona nje ujue ukuta wa chuma umeshakuwa mwembamba. Tatizo hili lilifika mahakamani: mwaka 2016 Toyota ilikubali maridhiano yaliyokadiriwa kufikia dola bilioni 3.4 kuhusu chasisi za Tacoma za 2005 hadi 2010 na baadhi ya magari yake mengine, Tundra na Sequoia, bila kukiri kosa. Muda wa kudai kwa gari la 2009 umekwisha, lakini kijana aulize kwa wakala wa Toyota, akiwa na namba ya chasisi, kama chasisi ya gari hilo iliwahi kubadilishwa. Ikiwa ilibadilishwa, amepata bahati kubwa.

Kabla ya kununua dawa yoyote, alale chini ya gari na nyundo ndogo. Agonge taratibu kutoka mbele kwenda nyuma akisikiliza. Chuma kizima kinalia "ting", sauti inarudi. Chuma kilicholiwa kinatoa "dup", na vipande vinaanza kudondoka usoni, tabaka juu ya tabaka kama maganda ya kitunguu. Avae miwani. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, ndiyo sababu mahali palipoliwa hufura kwanza kabla ya kutoboka. Asikimbilie sehemu pana zilizo rahisi kugonga. Aende pale chasisi inapopinda kupanda juu ya ekseli ya nyuma, pale springi za nyuma zinaposhikwa, mhimili ulio juu ya tairi ya akiba, na kila mahali bamba mbili zimechomelewa pamoja. Asukume bisibisi kwa nguvu. Ikizama, mafuta na rangi havina kazi tena hapo. Anahitaji fundi wa kuchomelea anayejua chasisi, au auze gari kama vipuri. Nasema hivi nikimfikiria yeye aliyekaa ndani ya gari hilo kwenye barabara kuu.

Na paipu za breki! Zile za chuma hupita juu ya chasisi mahali tope linapokusanyika, na hupasuka siku unapokanyaga breki kwa nguvu, yaani siku unayozihitaji. Mwaka 2015 mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, iliwataka wenye magari ya 2007 na ya kabla ya hapo katika majimbo ya theluji wakague paipu hizo. La kijana ni la 2009, ila chumvi haisomi mwaka. Zikiwa na magamba azibadilishe zote, na aweke za mchanganyiko wa shaba na nikeli, ambazo chumvi haiziwezi kirahisi.

Ikiwa chasisi ni nzima, kazi yenyewe si ngumu. Aifanye mwisho wa kiangazi cha kule, Agosti au Septemba. Azibue vitundu vyote, aingize mpira wa maji ndani ya boksi mpaka maji yatoke masafi, kisha aliache gari juani likauke siku kadhaa. Kutu inayobanduka aikwangue kwa brashi ya waya. Ile iliyoshika aiache. Halafu apulize mafuta mazito ya lanolini, yale yatokanayo na manyoya ya kondoo. Huko yanauzwa kwa majina kama Fluid Film na Woolwax. Hayakauki. Yanatambaa yenyewe hadi kwenye maungio ambako mkono haufiki, na yakikwaruzwa na kokoto yanajirudi. Anunue na ule mpira mwembamba wenye pua inayopuliza pande zote, auingize hadi mwisho wa boksi na kuuvuta polepole, kwa sababu kupuliza nje peke yake ni nusu ya kazi au chini ya hapo. Asiguse diski na pedi za breki, wala ekzosi. Arudie kila mwaka kabla ya Novemba. Watu huchoka mwaka wa tatu, na huo ndio mwaka wa kutochoka.

Majira ya baridi yenyewe, kila siku joto likipanda juu ya sifuri, apitishe gari kwenye kiosheo chenye maji ya kurusha kutoka chini. Mwezi wa nne barabara zikishasafishwa, alioshe chini kwa utulivu hadi tope lote litoke.

Kuhusu magunia yako, mama, samahani: gari hilo halitakufikia. Tacoma ina usukani upande wa kushoto, na Kenya haisajili magari ya namna hiyo isipokuwa ya kazi maalumu kama ambulensi na zimamoto. Tena kiwango cha Kenya cha ukaguzi wa magari, KS 1515, hakiruhusu kuingiza gari la mtumba lililozidi miaka 8. Aitunze limtumikie kule, na pesa ya meli akuwekee ununue pikapu hapa hapa.

SWALI

Fundi, mimi nalima viazi Molo. Nimeona dabo kebu, Isuzu D-Max kutoka Uskoti, kwenye yadi moja hapa Nakuru. Chini ni nyeusi tititi, mpya kabisa. Muuzaji anasema kwetu hakuna theluji, kwa hiyo hata kama ilikuwa na kutu, imekoma. Ni kweli?

*Mkulima, Molo*

JIBU

Si kweli, ndugu yangu. Theluji ilibaki Uskoti, chumvi imekuja na gari. Chumvi ya kawaida huanza kuvuta maji kutoka hewani unyevu ukifika kama asilimia 75, na asubuhi zenu za ukungu Molo huvuka hapo bila taabu. Tena hapa hakuna miezi ya baridi kali ya kuipunguzia kutu kasi.

Weusi mpya kwenye gari la mtumba unanitia shaka kabla hata sijainama. Angalia kama dawa imepita juu ya nati, vibandiko na mabomba ya mpira: aliyepaka hakuwa akikinga kitu, alikuwa akificha. Mwombe muuzaji ruhusa ukwangue sehemu ndogo karibu na kishikio cha springi ya nyuma, ugonge kwa nyundo kama nilivyomweleza mama hapo juu. Akikataa, funga mfuko uende yadi nyingine.

Liko jambo wanunuzi wengi hapa hawalitumii. Uingereza na Uskoti gari hukaguliwa kila mwaka likishatimiza miaka 3, ukaguzi unaoitwa MOT, na matokeo yako wazi kwenye intaneti, bure, kwa yeyote mwenye namba ya usajili ya kule. Mwambie muuzaji akuonyeshe kitabu cha gari cha Uingereza, chukua namba hiyo, na usome maoni ya mkaguzi kuhusu kutu mwaka baada ya mwaka. Kwa magari ya Japani dai karatasi ya mnada, ile inayoandika hali ya gari lilipouzwa kule. Herufi S ni kutu, C ni chuma kilichokwisha kuliwa, na tarakimu ikipanda ubaya unapanda. Lililotumika Hokkaido au kaskazini ya Honshu limepita kwenye chumvi ya barabarani, hata kama viti vyake bado vina nailoni.

Ukilinunua, liondoe tope la ndani ya chasisi kwa maji mengi wiki ile ile, usingoje mavuno.

SWALI

Fundi, hapa Kakamega tunapuliza oili chafu ya injini chini ya gari kuzuia kutu. Inafaa?

*Kijana wa gereji, Kakamega*

JIBU

Inazuia kiasi, ndiyo maana haiishi kutumika, lakini mimi siiruhusu kwangu. Oili iliyotumika imebeba asidi na masalio ya metali kutoka kwenye injini, wewe unayepuliza unaivuta puani, na mvua ya kwanza inaiteremsha mtaroni hadi mtoni. Tumia oili mpya ya mnyororo wa pawaso. Inanata, haidondoki ovyo, na inapatikana popote wanapopasua mbao. Puliza gari likiwa kavu, epuka bushi na mipira mingine kwa sababu oili huivimbisha, na tandika turubai chini kabla ya kuanza.