Jibu kwa aliyenunua orodha ya maneno 500 ya IELTS: ichane

Ichane orodha hiyo leo, mdogo wangu. Umeuliza kama maneno 500 yanaweza kukaririwa katika wiki tatu zilizobaki kabla ya IELTS, mtihani wa kupima Kiingereza, kama ni bora kufanya mtihani kwa karatasi au kwa kompyuta, na kama kusikiliza redio ya Kiingereza kunasaidia. Mimi nilipofika kwenye picha ya ukurasa wa kwanza wa orodha yako na kuliona neno "plethora", yaani wingi uliopita kiasi, limepigwa mstari kwa kalamu nyekundu, moyo ulinipasuka. Orodha hiyo ninaijua. Niliinunua, niliikariri ndani ya daladala kutoka Mbagala hadi kazini, na ikanipa 5.5 katika kuandika wakati nilipohitaji 6.5.

Mimi ni muuguzi kama wewe. Baraza la Uuguzi na Ukunga la Uingereza linataka 7 katika kusoma, kusikiliza na kuzungumza, na 6.5 katika kuandika, kwa hiyo alama moja niliyoikosa katika kuandika peke yake ilitosha kuufunga mlango wote. Nusu ya ada ya mtihani ilikuwa mkopo wa Saccos, na mkopo hauulizi kama umefaulu.

Sasa nikueleze nilivyojichimbia kaburi. Sehemu ya pili ya kuandika, ile inayodai maneno yasiyopungua 250 na kubeba uzito mara mbili ya sehemu ya kwanza, siku ile iliuliza kama serikali zitumie fedha zaidi kwa usafiri wa umma kuliko kwa barabara za magari binafsi. Mtu anayeamka saa kumi alfajiri ili awahi zamu, aliyewahi kukaa kwenye foleni ya Barabara ya Kilwa mpaka akamaliza kusali rozari nzima, angetaka swali gani jingine? Nilikuwa na ya kusema mpaka wino ukauke. Badala yake nilifungua kwa sentensi hii, ambayo naikumbuka neno kwa neno kwa sababu aibu haisahauliki: "The ubiquitous vehicles engender a plethora of deleterious to the metropolis."

Nilitaka kusema kwamba magari yamezidi mjini na yanawadhuru watu. "Deleterious", yaani chenye madhara, ni kivumishi, na kilidai nomino ya kukaa nacho, lakini mimi nilikiacha kikining'inia kama koti lililotundikwa pasipo na msumari. "Ubiquitous" ni sifa ya kitu kinachoonekana kila mahali, nami nililitumia kwa maana ya "mengi" kwa kuwa orodha ililipa maana moja fupi na hapakuwa na sentensi hata moja ya mfano. "Metropolis" nililiweka kwa sababu "city" lilionekana kama nguo ya nyumbani. Sentensi moja, makosa matatu, na nilitabasamu nilipoweka nukta.

Hasara kubwa zaidi, hata hivyo, haikuwa makosa hayo. Nilikuwa na hoja nzuri: basi likichelewa, muuguzi wa zamu ya usiku haondoki, na mgonjwa anabaki mikononi mwa mtu aliyekesha. Hoja hiyo ninaijua kwa mifupa yangu, lakini haikuingia kwenye karatasi, kwa kuwa hapakuwa na neno hata moja la orodha linaloielekea. Orodha ndiyo iliyoamua niseme nini. Nilitafuta mahali pa kuyapachika maneno niliyoyalipia, nikaandika kuhusu mambo nisiyoyajali, na katika dakika 60 zinazotolewa kwa sehemu zote mbili nilipoteza nyingi nikijikumbusha tahajia ya "conscientious", neno ambalo halikuhusiana kabisa na usafiri. Aya ya mwisho iliishia katikati ya sentensi.

Aliyenifikisha huko ni mkufunzi wa twisheni, kijana mwenye tai na sauti ya mtangazaji, aliyetuambia kwamba mtahini amechoka kusoma maneno ya kila siku na kwamba kazi yetu ni kumshtua. Mtahini wangu naamini alishtuka. Ubaoni mkufunzi alikuwa akituandikia nusu ya sentensi kutoka kwenye vigezo vya usahihishaji ambavyo wenye mtihani wenyewe wamevitoa hadharani: kwamba anayepata 7 hutumia maneno yasiyo ya kawaida sana. Nusu iliyobaki hakuiandika, nami niliisoma mwenyewe nikiwa nimekwisha kuanguka. Inasema kwamba maneno hayo yatumike kwa kujua mtindo na kwa kujua ni neno gani huandamana na lipi. Ulitusomea nusu, mwalimu, na ada ulipokea nzima.

Jambo hilo la maneno kuandamana lilistahili kufundishwa kwa mwezi mzima, na sisi Waswahili tungelielewa kwa dakika tano. Tunapiga picha, tunapiga pasi, tunapiga simu, tunapiga mswaki, na hakuna anayempiga mtu. Mgeni akikuambia "nimetengeneza picha yako" utamwelewa, lakini utajua kwamba si mwenyeji wa lugha. Kiingereza nacho kina ndoa zake: mvua kubwa kwao ni "heavy rain", chai ya rangi iliyokolea ni "strong tea", uamuzi "hutengenezwa" kwa "make", na picha "huchukuliwa" kwa "take". Anayejua ndoa hizo kwa maneno mepesi anaonekana mwenyeji kuliko anayebeba "plethora" na kuliozesha kwa neno lisilolitaka.

Mkufunzi huyo huyo alitukataza kurudia neno. Basi "cars" niliyaita "automobiles", kisha "vehicular machines", na mara ya nne, Mungu anisamehe, "four-wheeled entities". Msomaji angedhani ninazungumzia aina nne za vitu, huku lugha yenyewe ina "they" na "these" zinazofanya kazi hiyo bila malipo.

Matokeo yalipotoka, aliniambia kwamba msahihishaji alinionea na kwamba niombe karatasi isahihishwe upya. Nililipa. Ada hiyo hurudishwa alama ikibadilika, na yangu haikubadilika.

Kanuni yangu, iliyonigharimu ada tatu, ni hii moja: neno ambalo hujawahi kulisikia au kulisoma likitumiwa na mtu aliyekuwa akieleza jambo lake mwenyewe, usilipeleke kwenye mtihani. Neno la orodha halina mtu nyuma yake, na kwa hiyo hujui linakaa na nani, linaingia wapi kwa heshima na linachekwa wapi. Kazini tunalijua hili. Mgonjwa akilalamika kwamba kichwa kinamuuma, hatumwambii ana "cephalalgia" ili atuone wasomi, na kwenye makabidhiano ya zamu tunatumia neno lililo sahihi na ambalo mwenzetu atalielewa akiwa amechoka.

Sisemi uandike "good", "bad" na "things" mpaka chini ya ukurasa, kwa maana huo ni uvivu. Neno lisilo la kawaida linalotakiwa ni lile linalolihusu jambo lenyewe. Kwa swali langu la usafiri, maneno hayo yalikuwa "fare", "commuters", "overcrowded", "reliable", "rush hour", ambayo yote niliyajua kabla sijamlipa mtu hata shilingi.

Katika kuzungumza, orodha ilikuwa na nyongeza ya nahau. Mtahini aliniomba nimweleze mtu wa familia ninayemheshimu, nikapewa dakika moja ya kujiandaa, nikamzungumzia babu yangu kwa moyo wote, na nilipofika mwisho wa maisha yake nikasema "he kicked the bucket". Orodha ilisema ni sawa na "died". Ni sawa kama vile "amekata moto" ilivyo sawa na "amefariki", na nenda kalitangaze hilo msibani uone kama utapewa pilau. Mtahini aliinamia karatasi yake. Nilipata 6.5 hapo, na babu yangu, aliyekuwa mtu mpole, bado nina deni naye.

Mara ya pili nilikaa miezi minne bila orodha yoyote. Nilisoma habari za hospitali na za familia zilizoandikwa kwa Kiingereza cha kawaida, na kila nilipokutana na neno zuri niliandika sentensi nzima lilimotoka, si neno peke yake. Swali liliuliza kama wazee watunzwe nyumbani au katika makazi maalumu. Nilianza hivi: "Many families want to look after their parents at home, but both husband and wife go out to work." Hakuna neno hapo la kumshtua mtu. Baadaye nikaweka "short of staff", "cope" na "afford", kila moja mahali nilipowahi kulikuta. Nilimaliza dakika tano kabla ya muda, nikazitumia kutafuta herufi "s" nilizozisahau kwenye vitenzi, na nikapata 7 katika kuandika.

Leo niko zamu ya usiku na kutakuwa na utulivu baada ya saa nane. Andika aya moja kuhusu safari yako ya kwenda kazini, kama ungemsimulia mwenzako wa wodini, kisha iweke hapa. Nikiliona "plethora" nitaacha kusoma palepale.