Maswali ya Wasomaji: Vyombo vya maabara kwenye dwane

SWALI: Naleta vyombo vya maabara ya kupima madini hapa Lubumbashi, kupitia Kasumbalesa. Naweza kuandika «vifaa vya maabara» na namba moja ya ushuru?

JIBU: Hapana, ndugu. Maabara haina namba yake. Namba ya kila kitu hufuata kimetengenezwa kwa kitu gani na kinafanya kazi gani. Bika (vikombe vya maabara) na chupa za kioo za maabara ni 7017, na hapo fakitire itaje aina ya kioo: borosilikati, kisichotanuka sana kwenye moto, ni 7017.20, kwatzi iliyoyeyushwa, 7017.10, vioo vingine, 7017.90. Kipimajoto, ijapokuwa ni kioo, huenda 9025. Bika ileile ikiwa ya plastiki, kwa kawaida huhamia 3926. Ya porseleni, 6909.

Mzani ndio unaoponza wengi. Ukihisi tofauti ya gramu 0.05 au ndogo kuliko hapo ni 9016; usipoweza kuhisi kidogo hivyo ni 8423. Ambatisha karatasi ya kiufundi ya kiwanda, la sivyo mkaguzi ataamua kwa macho tu. Sentrifuji (mashine ya kutenganisha vitu kwa kuvizungusha) ni 8421, hadubini ya kawaida 9011. Vitendanishi (kemikali za kupimia) vilivyotayarishwa ni 3822, lakini asidi nitriki (watu huichanganya humo kila mara) ni 2808. Kila mstari wa fakitire uwe na namba yake kabla lori halijafika mpakani.