Wadogo zangu, utumwa msiusubirishe hadi jikoni

Wiki hii nimewafuata nyuma waongozaji wetu wapya hapa kwenye nyumba ya makumbusho, South Carolina, jimbo la kusini mwa Marekani, na nimeona yale yale ya kila msimu. Sebuleni wamesifia kinanda, chumba cha kulia wamesifia vijiko vya fedha, kisha wageni wakiwa wamechoka uani ndipo wanaambiwa, "Sasa tuzungumzie watumwa." Jamani, nawapenda, lakini hapana.

1. Anzeni mlangoni. Mwaka 1860 zaidi ya nusu ya watu wa jimbo hili walikuwa watumwa. Jiko lilijengwa uani kwa kuhofia moto na joto, kwa hiyo kila sahani iliyofika mezani kuna mtu aliyevuka nayo ua, mvua ikinyesha. Chumbani, mara nyingi binti mtumwa alilala sakafuni ili bibi mwenye nyumba akiita usiku aitike. Onyesheni kwa kidole: hapa.

2. Watoto wa shule msiwaigizishe. Hili bado linaniuma. Kijana mmoja mwenye moyo mzuri kabisa alitaka wanafunzi waonje maisha ya zamani. Akachukua gunia la kuchumia pamba, akamvisha aliyekuwa karibu naye, na huyo alikuwa msichana mweusi pekee darasani. Wenzake wakacheka. Binti akainama mara moja kama alivyoambiwa, akalivua, akalikunja pembe kwa pembe kama nguo ya kwenda kanisani, akalirudisha kwa mikono miwili. Hakufungua mdomo tena hadi basi lao likaondoka. Kijana alikuja kwangu akitetemeka, anasema hakukusudia. Najua hakukusudia. Lakini yule mtoto ataikumbuka nyumba hii maisha yake yote, na atakachokumbuka ni kicheko. Gunia liko kabatini na litabaki huko. Wekeni tumba kavu la pamba mezani, kila mtoto aguse mwenyewe ganda lake linavyochoma vidole. Inatosha.

3. Orodha za watumwa za sensa ya 1850 na 1860 zina umri, jinsia na rangi. Majina karibu hakuna, ila la mmiliki. Majina tafuteni kwenye orodha za mirathi, kati ya ng'ombe na viti, bei pembeni. Yasomeni polepole.

4. Mgeni akisema bwana wa hapa alikuwa mwema, msibishane. Mwambieni sheria ilimruhusu kumuuza mtoto mbali na mama yake, na akifa na madeni, wote wangeweza kupigwa mnada.

5. Wageni kutoka kwetu huuliza haya yanawahusu nini. Waambieni habari za kitambaa cha merikani: pamba ya watumwa wa huku Kusini, ikafumwa viwandani New England, kaskazini mashariki mwa Marekani, wafanyabiashara wa Salem, mji wa bandari wa huko, wakaipeleka Unguja, misafara ikaibeba hadi bara. Meli zikarudi na pembe za ndovu na sandarusi, utomvu mgumu wa mti, ambayo Salem waliisafisha ikatengenezwa vanishi. Hapo maswali huwa mengi. Wapeni nafasi, kundi linalofuata litasubiri.