Madaktari wa saratani tuongee zaidi, tena na watu wenyewe

Nafanya kazi na wagonjwa wa saratani hapa Moshi. Leo naongea na madaktari wadogo wanaoingia kwenye hii fani, na pia yeyote mwenye mgonjwa nyumbani, maana kuna vitu tunavijua sisi halafu vinaishia kwenye makaratasi na semina za hotelini, wakati anayevihitaji yuko Rombo huko anakunywa chai yake.

Chukua saratani ya koo la chakula. Ukanda wote huu kuanzia Ethiopia kushuka mpaka Afrika Kusini inasumbua sana. Sigara na pombe zinajulikana, ila hazimalizi maelezo, unapokea mama ambaye hajawahi kugusa hata mbege. Ndo watafiti wakaigeukia chai. Mwaka 2015 ilitoka tafiti iliyofanyika hapa hapa Kilimanjaro, walipima joto la chai jinsi watu wanavyoinywa kweli, wakakuta kwa wastani mtu anaanza kunywa ikiwa kwenye nyuzi kama 70. Mwaka 2016 IARC, lile shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, likasema vinywaji vinavyozidi nyuzi 65 huenda vinasababisha saratani. Na kingine ambacho mimi kilinigusa kabisa, chai ya maziwa inapoa taratibu kuliko ya rangi, kwa hiyo wanaoinywa ndo walikuwa wanakunywa ya moto zaidi. Sasa huku kwetu mgeni akifika unampa nini kama sio chai ya maziwa, tena isipomchoma anaona hujamkaribisha.

Hiyo ndo taarifa ya kumpelekea mtu, tena kama ilivyo, bila kutishana. Usiende kutangaza chai inaleta kansa, sema huenda, na sema tatizo ni moto. Mimi naipeleka kwenye vikoba na kanisani baada ya ibada, sina slaidi wala nini. Mzee mmoja akaniuliza, "Daktari, chai ikipoa si maji hayo?" Nikamwambia, "Shikamoo baba, sikukatazi chai, wewe mimina, piga stori kwanza na mama hapo, ndo unywe." Watu wakacheka, ila mama mmoja akasema yeye atakuwa anamimina ya watoto kabla hawajaenda kunawa, wakirudi mezani itakuwa imeshapungua moto. Hilo wazo ni lake na nimeshalipeleka kwingine, kwa kweli ni zuri kuliko yangu yote.

Kliniki nako, punguza kuuliza "unaumwa nini". Muulize mgonjwa jana kala nini na kimeshukaje. Hapo ndo anafunguka: nyama aliacha muda, ugali anausukuma na maji, akahamia kwenye mtori na uji, sasa hivi hata mate yanarudi. Angalia na mkanda wa suruali, utakuta umetobolewa matundu mapya na msumari. Wengi wanakuwa wameshameza dawa za vidonda vya tumbo miezi na miezi, au wameambiwa wamerogwa, na inaniuma sana kwa sababu ile miezi ndo ingetusaidia.

Halafu kuna ndugu wanakuvuta pembeni koridoni, "daktari usimwambie mzee, presha itampanda". Wasikilize, wana upendo na wana hofu, lakini muulize mzee mwenyewe angependa kujua kiasi gani. Wazee wengi wanakuwa wameshahisi, wanachotaka ni muda wa kupanga mambo ya shamba, ya madeni, nani asimamie nini, na ukimficha unamnyima huo muda. Niliwahi kukaa na baba mmoja kitandani kwake akaniuliza maswali ya kahawa yake na ada ya mjukuu kuliko ya ugonjwa. Nilimjibu nilichoweza na kile nisichoweza nikamwitia mwanae waongee wawili.

Na sisi wenyewe tuongee. Siku uliyotoa majibu mabaya kwa watu kadhaa usiende nalo nyumbani peke yako, mtafute mwenzako hata kwenye chai ya saa nne mliongelee.

Kwa mwenye mgonjwa sasa: chakula kigumu kikianza kukwama kila mara, au mtu anakonda huku anakula kwa kusukuma na maji, usisubiri mpaka ashindwe uji. Omba rufaa apigwe kipimo cha kamera ya kooni na achukuliwe kinyama kidogo cha kupima maabara, bila kinyama hatuwezi kusema ni saratani. Hospitali ya KCMC hapa Moshi wana kituo cha saratani tangu 2016, kwa hiyo kemo, yaani zile dawa za kuua saratani, haina lazima ya kupanda basi mpaka hospitali ya saratani ya Ocean Road Dar kama zamani. Na hata aliyechelewa mlete tu, kuna kimrija kinawekwa kooni kwa kamera kupanua njia. Hakiondoi ugonjwa, ila mtu anaweza kurudi kumeza chakula laini na kukaa mezani na wenzake.