Gereji ya Mzee: Maswali na Majibu ya Magari

SWALI: Shikamoo Mzee. Nina gari la familia la viti saba, fo-wili, gia yake oto ya CVT. Juzi tulitoka Tanga kwenda harusini Lushoto, gari limejaa watoto na bibi yao. Kabla ya safari fundi aliongeza lita moja ya oili nyekundu kwenye gia boksi. Tulipopanda kutoka Mombo, karibu na Soni likaanza kutetemeka, injini inanguruma lakini mwendo hauongezeki, kisha likalegea kabisa. Tulipumzika kama nusu saa, likaondoka vizuri. Fundi anasema gia boksi imekufa, ninunue ya mtumba kwa milioni tatu na nusu. Nifanyeje?
Mama wa watoto wanne, Chumbageni

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hizo milioni zirudishe kwanza kwenye pindo la khanga.

Gia boksi iliyokufa haifufuki kwa kupumzishwa. Kulegea mlimani na kurudi baada ya kupoa ni joto: kompyuta ikiona oili imepata moto kupita kiasi, hupunguza nguvu ili kukinga vilivyomo ndani. Na ile njia ya Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33 za kona na mlima, nawe umepakia ukoo mzima!

Kutetemeka ndiko kunakonitia wasiwasi, na hapo namtazama huyo aliyekumiminia oili nyekundu. CVT haina gia za kupandisha moja moja kama oto za zamani. Ndani mna mkanda wa chuma unaopita kwenye puli mbili zinazobana na kuachia, na mkanda hushika kwa msaada wa oili iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Ukichanganya na ile nyekundu ya oto za kawaida, mkanda unaanza kuteleza. Ukiachwa hivyo unakwangua puli, na hapo hayo maneno ya milioni tatu yatakuwa kweli.

Sampo ya gia boksi, yaani karai la chini linalokusanya oili, ifunguliwe wewe ukiwa umesimama pale pale, si kuhadithiwa kwa simu. Ndani mna sumaku ndogo za kunasa vumbi la chuma. Zipanguse kwa kidole. Ukiona tope la kijivu, laini kama wanja, hiyo ni kawaida ya gari lililotembea. Ukihisi chenga, au ukaona vipande vinavyong'aa juani, basi chuma kinalika na fundi wako hakukudanganya. Inuse na oili yenyewe, iliyoungua haijifichi.

Kama hakuna chenga, mwaga, badilisha chujio, jaza oili iliyotajwa kwenye kitabu cha gari. Kumwaga mara moja hakutoshi, maana nyingine hubaki kwenye toki konveta, kile kiungo kati ya injini na gia boksi. Tembelea mjini siku chache, kisha rudia. Kimo chake hupimwa oili ikiwa ya moto na gari likiwa mahali tambarare. Mafundi wengi hupima ya baridi, ndiyo maana kila siku wanaongeza. Rejeta ya kupoza nayo isafishwe. Ni gharama, sikufichi, ila ni pungufu ya hiyo ya mtumba, ambayo nayo hujui ilitolewa kwenye gari la namna gani.

Hukuniambia habari ya tairi. Kama mbele umefunga mpya na nyuma zimekwisha, mfumo wa fo-wili unadhani tairi zinateleza, unafanya kazi bila kupumzika na kupata moto. Zote nne zilingane. Na likikuzimikia njiani usikubali kuvutwa kwa kamba: injini ikiwa imezima, pampu ya oili ya gia boksi nayo imezima. Libebwe magurudumu yote manne juu.

SWALI: Mzee, gari langu nikikata kona linalia ka-ka-ka mbele. Kwenye barabara iliyonyooka kimya. Difu imekufa?
Kijana wa Pongwe

JIBU: Difu, ile meno inayogawa nguvu kwa magurudumu, haihusiki. Hiyo ni joint ya nje, yaani kiungo kinachopinda, ya shafti ya mbele inayozungusha gurudumu. Chungulia nyuma ya gurudumu: utakuta buti la mpira limechanika na grisi imetapakaa kwenye rimu. Ungeliwahi, buti na grisi vingetosha. Ikishalia, badilisha joint. Kata kona ya kulia taratibu: sauti ikizidi, anza kukagua upande wa kushoto. Na usikubali kuuziwa shafti mbili.