Jibu: Kaboni ya udongo wa Makunduchi mbona imetoka kubwa hivi?

Waalaykum salaam ndugu yangu. Kama nimekufahamu, udongo wa maweni Makunduchi umekutolea kaboni nyingi kuliko wa shamba la mikarafuu Pemba, na huko Makunduchi kwenyewe vichaka na mawe tu.

Kabla hujarudi kuchimba angalia chokaa kwanza. Maweni ni matumbawe ya zamani, yamejaa kalsiamu kaboneti, ndo chokaa yenyewe, na mashine ikichoma udongo kwa moto mkali haitofautishi kaboni ya majani na mizizi na ile ya jiwe, inahesabu yote. Mie yalinikuta haya haya, iliniuma kweli maana ripoti nshaandika nusu.

Vaa miwani na glavu, tia matone ya asidi ya haidrokloriki iliyozimuliwa, udongo ukitoa povu basi ndo hiyo chokaa. Endelea na asidi mpaka povu liishe, kausha, ndo upime tena. Kama ni njia ya tanuri, ile ya kuchoma udongo na kupima uzito uliopungua, usipite nyuzi 550, ukifika 900 chokaa nayo inavunjika. Waulize maabara walichoma nyuzi ngapi, hujaandika hapo.

Na kokoto ulizipima? Chekecha kwa chekecheo cha milimita 2, uzito wa kokoto uutoe, usipofanya hivo hesabu ya kaboni kwa hekta itazidi sana khasa huko kwenye mawe.